Bustani ya Wachelewaji

Katika miaka yote niliyosoma, hakuna profesori aliyewahi kunipa adhabu. Nikisema hivyo watu hudhani najisifu. Sijisifu, nalalamika.

Bibi yangu, aliyenilea hapa Quionga, alikuwa akinitambulisha kwa wageni hivi: "Huyu mke mwenzangu ni mkeka wa ndani. Ukiutoa nje, unaogopa jua." Na alisema kweli. Wenzangu walikuwa na makovu magotini, mimi nilikuwa na magoti ya bibi harusi. Pwani nilikwenda kwa kusukumwa, na nikifika nilisimama pale mchanga mkavu unapoishia, kandambili mkononi, nikingoja wengine wamalize kufurahi ili turudi nyumbani. Shuleni ndivyo hivyo. Kabla kengele haijagongwa mimi nilikuwa nimeshakaa, daftari limefunguliwa, kalamu imechongwa. Mtoto wa namna hiyo anapendwa na wakubwa tu.

Darasa la nne tulikuwa na profesori wa fimbo. Kwetu mwalimu ni yule wa chuoni anayetusomesha Kurani; wa shule ya serikali anaitwa profesori. Huyu wa fimbo alitufundisha mengi ambayo hayakuwamo kitabuni. Alitufundisha kukaa katikati ya mstari, kwa sababu wa kwanza anapigwa kwa nguvu mpya na wa mwisho kwa hasira iliyoiva. Alitufundisha kufunga vifundo vya nyasi njiani ili asahau makosa ya jana, na alipokuwa hasahau tulilaumu nyasi. Zaidi ya yote, alitufundisha kutotoa sababu. Ukisema "Nilikuwa naumwa", fimbo mbili zinakuwa tatu, na ile ya tatu ni ya kule kujieleza. Kwa hiyo ukiulizwa kama umechelewa unasema ndiyo, unanyoosha mkono, mambo yanakwisha. Mwaka ulipomalizika tulikuwa watoto zaidi ya arobaini wasio na sababu ya jambo lolote.

Darasa la tano tukapata profesori mwingine. Alitoka bara, huko juu uwandani, Mmakonde, Mkristo, kijana bado, na alikuja na mke mwenye mimba na sanduku la vitabu. Siku ya kwanza aliikuta fimbo ya mwenzake juu ya meza. Akaichukua aivunje gotini mbele yetu. Ikamshinda. Akajaribu tena, ikamshinda, akaitupa dirishani, na mtoto mmoja aliyekaa karibu na mlango akatoka kwenda kumwokotea. Ndivyo tulivyokuwa tumelelewa.

"Fimbo inafundisha mkono," alisema, "kichwa kinabaki vilevile. Mimi nina horta."

Horta ni bustani ya mboga. Alikuwa amelima nyuma ya nyumba yake, jirani na shule: kabichi, nyanya, vitunguu, katika mchanga wetu huu ambao minazi tu ndiyo inaupenda. Sheria yake ilikuwa nyepesi. Ukichelewa, jina lako linaandikwa kwenye pembe ya ubao, na wiki hiyo nzima baada ya masomo unakwenda kumwagilia, ndoo kumi kutoka kisimani. Hakuuliza sababu. Na sisi, kwa elimu tuliyokuwa nayo, hatukuitoa.

Sasa nimlete jirani yangu, kwa sababu habari hii ni yake. Mimi niliingia kwa wivu tu. Tulikaa dawati moja, na nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa makuti. Mama yake alikuwa akiishi kwa mwamba. Maji yakipwa, anaingia na kikapu na chuma, anaokota kome na chaza, anachokoa pweza mashimoni, na binti yake anamfuata nyuma. Anayeishi pwani anajua kwamba siku hazifanani. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, ni bamvua: maji yanaondoka mbali asubuhi, saa zile zile shule inapoanza, na mwamba uliokuwa umezama unatoka nje. Hizo ndizo siku za kula. Katikati ya hapo ni maji mafu, bahari haiendi popote, na mwenye kikapu anabaki nyumbani anasuka ukili. Kwa hiyo jirani yangu siku za maji mafu aliwahi kama mimi, na siku za bamvua aliingia darasani wakati wa mapumziko, sketi imelowa hadi magotini, ananuka mwani.

Profesori hakujua habari hiyo. Alikotoka, maji ni kitu cha kuteremkia bondeni na kupandisha kichwani. Hakuwahi kusikia maji yanayoondoka yenyewe na kurudi yenyewe. Alichoona ni daftari lake la mahudhurio. Siku moja alilifunua mbele yetu, akakuna kichwa, akasema kwa huzuni kabisa, "Huyu dada nimemchunguza. Kila baada ya siku kumi na kitu, uvivu unampanda kama homa."

Darasa zima likashikwa na kikohozi. Si mmoja wetu aliyefumbua mdomo. Watoto wote wale, waliozaliwa na chumvi masikioni, tukamwacha mtu mzima aamini kwamba kuna homa ya uvivu inayofuata mwezi.

Basi jirani yangu akawa mtu wa bustani. Bamvua hili wiki nzima, bamvua lijalo wiki nzima. Mwanzoni nilimhurumia. Nilimngoja njiani, nikambebea daftari, nikasema "Pole, shoga." Huruma yangu ilidumu kama siku tatu.

"Usinipe pole," aliniambia siku ya nne. "Jana senhora kanikalisha kitako."

Senhora ni mke wa profesori. Mimba ilikuwa imemwelemea, miguu imevimba, mama yake na dada zake wote wako bara, na Kiswahili chetu alikuwa hajakikamata. Siku nzima alikuwa peke yake na kuku wawili. Akitokea mtoto na ndoo, kwake ni mgeni.

"Kakukalisha, kisha?"

"Kisha kanipa muhogo na karanga. Na chai ya maziwa ya kopo."

"Ya kopo?"

"Ya kopo. Halafu kanipa kitabu nishike mwenyewe, nimsomee yeye anachambua maharage."

"Kinasema nini?"

"Kinasema habari za watu wa baridi. Shoga, wana nguo za kuvaa mikononi."

Sikuamini. Nikaenda nyumbani nikala wali wa nazi wa bibi na sikuuhisi mdomoni. Nilikaa natazama mikono yangu ambayo haijawahi kubeba ndoo ya profesori.

Kila siku alikuja na jipya, na kila siku nilimngoja kwenye ua anisimulie, kama mtu anayekuna kipele huku analia kinauma. Senhora kamsuka nywele mtindo wa bara. Senhora kamfundisha kusema *com licença* kabla ya kupita mbele ya mtu. Nilimwona akipita mbele ya mbuzi wetu akimwambia *com licença*, na mbuzi akampisha. Mimi yule mbuzi namjua tangu azaliwe, hajawahi kunipisha.

Darasani ndiko kulikouma zaidi. Kireno changu kilikuwa cha daftari: vitenzi vyote mahali pake, lakini nikifumbua mdomo ni kama natafuna mchanga. Chake kilianza kutoka kama cha redio. Profesori akimsikia anatulia, anamwomba arudie ili darasa lisikie. Mimi, mwenye alama kumi na nane kati ya ishirini, hakuna aliyetaka nirudie kitu.

Nikaamua kutafuta adhabu.

Jaribio la kwanza nilijificha nyuma ya tangi la maji la shule hadi wenzangu wakaingia. Nilihesabu mpaka mia tano, nikaingia kwa mwendo wa mkosaji, nikasimama mbele ya ubao tayari kuandikwa. Profesori akanitazama, akaja, akaniwekea mkono kwenye paji la uso.

"Una joto," akasema. "Nenda nyumbani kwa bibi yako."

Joto lilikuwa la jua la nyuma ya tangi. Bibi alininywesha mwarobaini kikombe kizima, akanifunika shuka mbili, akakaa mlangoni kuzuia nisitoroke. Alidhani anamzuia mtu wa kutoroka!

Jaribio la pili nilipiga kelele. Profesori anaeleza mambo ya mito, nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote, "Na Ruvuma je?" Akafurahi. Akasema hilo ni swali zuri, darasa zima linipigie makofi. Jirani yangu alipiga makofi kuliko wote, kisha akaninong'oneza, "Paka wa jikoni leo kalia." Ndilo jina alilonipa, paka wa jikoni, kwa sababu ya kupenda kwangu kukaa ndani. Lilishika. Hata sasa wapo wanaoniita hivyo, na wengine ni watu wazima wenye wajukuu.

Kisha senhora akajifungua. Mtoto wa kike. Ilikuwa bamvua, kwa hiyo jirani yangu alikuwako.

"Jana nimempakata," aliniambia pale uani. Hakucheka wala hakujigamba. Alinyoosha mikono kunionyesha urefu wa mtoto, mikono iliyokwaruzwa na mwamba, na akaishusha taratibu kana kwamba mtoto bado yumo. "Senhora kasema nikimaliza darasa la saba atanisemea kwa mumewe, nikakae nao niendelee kusoma. Mama kakubali."

Nikasema "Hongera." Usiku ule sikulala vizuri, na mimi kulala ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote.

Kesho yake baada ya masomo nilibaki darasani. Profesori alikuwa anafuta ubao. Nilisimama kwa adabu, mikono nyuma, nikasema jambo ambalo darasa zima lilikuwa limelinyamazia miezi ile yote.

"Senhor profesori, yule mwenzangu si mvivu."

"Nani?"

"Wa dawati langu. Ni bamvua."

Nikamweleza. Mwezi, maji, mwamba, kikapu cha mama yake. Nilieleza vizuri sana, kama mtihani. Yeye alikaa juu ya dawati la mbele na kitambaa cha kufutia mkononi, chaki inamwagika kwenye suruali.

"Kwa hiyo bahari ina saa yake," akasema.

"Ndiyo."

"Na ninyi mnaijua wote?"

"Wote."

"Na mimi namwadhibu mtoto kwa kumsaidia mama yake. Kwa nini hamkuniambia?"

"Hukuuliza, senhor profesori."

Akashika kichwa. Aliniambia mimi ni mtoto mwenye huruma, na mama yangu, huko aliko, ana bahati. Niliyapokea maneno hayo. Nilijua kabisa ninachofanya. Mtu mwingine angetaka kumharibia mwenzake angesema uongo. Mimi nilisema ukweli, tena kwa sauti ya upole, na ulifanya kazi kuliko uongo wowote ambao ningeutunga.

Asubuhi profesori alimsimamisha jirani yangu mbele ya darasa. Akamwomba radhi, mtu mzima kumwomba radhi mtoto, jambo ambalo hatukuwa tumeliona. Akasema tangu leo siku za bamvua aje maji yakirudi, jina lake halitaandikwa tena, na bustanini asiende. Alisubiri tushangilie. Hata wale wa nyuma waliokuwa wakipiga filimbi kwa jambo lolote walitazama meza. Jirani yangu akashukuru, "*Obrigada*, senhor profesori," kwa Kireno chake kile kizuri, akarudi kukaa. Mdomo ulikuwa umembadilika rangi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ule ukimya wa darasa haukuwa tena ule tuliofundishwa na fimbo. Ulianza hivyo, lakini njiani ukawa kitu kingine. Walikuwa wamemfichia. Wote walijua anaipenda adhabu yake, na wakamlindia, hata wale waliokuwa wanagombana naye.

Wakati wa mapumziko jirani yangu hakuuliza nani kasema. Nilikuwa natabasamu, nadhani.

"Umenihurumia, eh?"

"Nimekuhurumia."

"Nani kakuomba?" Akaniangalia. "Wenzako wote niliwaomba wanyamaze. Wewe sikukuomba. Nilisema huyu wangu, haombwi."

Nilitafuta sababu ya kutoa, nikakumbuka kwamba sababu inaongeza fimbo.

Bustani ikakosa mtu. Wachelewaji wengine walikuwa wa mara moja moja, na jua lilikuwa kali. Profesori aliuliza nani atajitolea. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza, na nikapata nilichokitaka.

Siku ya kwanza nilibeba ndoo mbili, ya tatu ikanimwagikia. Senhora alitoka na mtoto begani, akatazama nyuma yangu kama anayemtafuta mtu. "*E a minha menina?*" akauliza. Msichana wangu yuko wapi? Nikamwambia hana adhabu tena. Akasema vizuri, lakini uso haukusema hivyo. Akanipa muhogo na karanga. Ulikuwa muhogo kama wa kwetu. Nikaomba kumpakata mtoto, akanipa, mtoto akaangua kilio hadi kuku wakatimka. Kitabu kilikuwa dirishani. Sikualikwa kukishika, na mimi ni mtu nisiyegusa kitu bila kualikwa. Nilimaliza ndoo saba, ya nane hadi ya kumi nilizimimina pale pale kisimani, nikaenda nyumbani na malengelenge.

Siku tatu nilifanya hivyo. Ya nne maji yalikuwa mafu.

Profesori sasa alikuwa amejifunza. Alikuwa amewafuata wavuvi, akaandika siku za bamvua na za maji mafu kwenye karatasi, akaibandika ukutani karibu na ramani, na kila asubuhi aliisoma kwa sauti kama mtu aliyevumbua bahari yeye mwenyewe. Asubuhi hiyo alisoma, "Leo maji mafu. Leo hakuna wa kuchelewa." Tukaanza hesabu. Tukamaliza hesabu. Katikati ya kipindi cha pili mlango ukasukumwa.

Jirani yangu. Miguu mikavu. Sketi imepigwa pasi. Nywele zimepakwa mafuta, zinang'aa. Alisimama kizingitini, akasema *com licença*.

Profesori akatazama karatasi ukutani, akatazama miguu yake. "Leo maji ni nini?"

"Mafu, senhor profesori."

"Mama yako mzima?"

"Mzima."

"Mlikuwa na msiba?"

"Hapana."

"Basi sababu ni nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza profesori kuuliza sababu katika darasa lile.

"Sina," akasema jirani yangu. "Nimechelewa tu."

Kikohozi kikaanza nyuma, kikaja mbele safu kwa safu. Sidhani profesori alikuwa mjinga. Nadhani siku ile alielewa bustani yake kuliko siku aliyoilima. Pembe ya mdomo ilimcheza, akaikaza.

"Hili ni kosa kubwa," akasema. "Mwezi mzima."

"Mwezi mzima tu, senhor profesori?"

Darasa likapasuka. Jirani yangu mwenyewe akachukua chaki, akaandika jina lake kwenye pembe ya ubao, herufi kubwa, akapigia mstari. Profesori akanigeukia mimi. "Na wewe umesaidia vya kutosha. Kapumzike nyumbani."

Nyumbani! Mahali ninapopapenda kuliko dunia yote, na nilikwenda nalia.

Jirani yangu hakunitukana, hakunihama dawati, hata kalamu aliniazima. Lakini jioni ile nilipomngoja uani, alipita na ndoo yake tupu, akasema "Umeshindaje, paka wa jikoni," akaingia ndani. Kesho yake hivyo hivyo. Hakunisimulia tena. Mtoto aliota meno, kitabu cha watu wa baridi kilikwisha kikaja kingine, na mimi niliyajua hayo kwa kusikia wengine wakisimuliwa. Alipajua pa kunipiga. Alipomaliza darasa la saba akaenda kuishi nao Palma, profesori alipohamishiwa huko. Mimi nilisoma hadi darasa la kumi, nikarudi kwa bibi, nikaolewa nyumba ya tatu kutoka pale nilipokulia. Mbali zaidi ya hapo ningeumwa.

Sasa yeye ni profesora. Baada ya watu kurudi kutoka walikokimbilia vita, shule yetu ilipofunguliwa tena, alipangiwa hapa. Tunaamkiana vizuri. Ananiuliza hali, namuuliza hali. Amelima bustani nyuma ya nyumba yake. Nyanya zake ni nzuri kuliko zangu, na mimi nashinda nyumbani siku nzima na zangu.

Wiki iliyopita binti yangu, aliye darasa lake, alirudi jioni na gauni limelowa na uso unang'aa.

"Umetoka wapi?"

"Kumwagilia kwa profesora. Nina adhabu, wiki nzima."

"Umekosa nini?"

"Nimechelewa."

Mtoto huyu namtoa nyumbani mwenyewe kabla ya kengele, namtazama hadi anaingia lango la shule. "Ulichelewa vipi?"

Akatazama miguu yake. "Nilijificha nyuma ya tangi."

Nikauliza, "Na yeye, hakukuwekea mkono kwenye paji la uso?"

"Hapana. Alicheka. Akasema anaijua hiyo, akaandika jina langu papo hapo."

Nikamsogezea kigoda. Nikampa chai, nikaongeza sukari bila kuombwa, nikakaa karibu naye kwenye mkeka. "Haya, mwanangu. Nisimulie. Kakupa nini? Kasema nini? Ana vitabu?"

Binti yangu akanywa chai yote kwanza. Akafuta mdomo.

"Profesora kasema utaniuliza," akajibu. "Kasema nisikusimulie."